Upepo wa Mfunguo Tano: Unguja na Kimbunga cha 1872

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872, siku za mwanzo za mwezi wa Safar, yaani mfunguo tano, mwaka 1289 wa Hijra, bandari ya Unguja ilikuwa imejaa vyombo. Haikuwa ajabu. Aprili ni wakati wa maleleji: kaskazi imekwisha nguvu, kusi haijashika, na manahodha waliokuja na kaskazi kutoka Sur, Maskati, Hadhramaut, Ghuba na Kach huwa wamekwisha kuuza tende na samaki wa chumvi, wamekwisha kupakia boriti na nazi, na sasa wanangoja kusi ya kwanza iwarudishe makwao kabla haijawa kali. Pamoja nao zilikuwamo merikebu za Sayyid Barghash bin Said, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti, na meli za wafanyabiashara wa Ulaya. Kama ingetafutwa katika mwaka mzima siku ambayo mali nyingi ya bahari hii ingekutwa imetia nanga mahali pamoja, siku hiyo isingekuwa mbali na hiyo.

Ndiyo siku kilipopiga kimbunga. Kilipokwisha kupita, karibu kila chombo kilichokuwa bandarini kilikuwa kimezama, au kimevunjika, au kimetupwa pwani. Abydos, meli ya moshi ya Kiingereza, ndiyo iliyosalia ikielea. Merikebu za Sayyid zilipandishwa ufukweni kama magome ya nazi, na miongoni mwao ilikuwamo El Majidi, ambayo ilikuwa na kisa chake peke yake. Iliundwa Scotland mwaka 1863 kwa jina la Sea King. Ikageuzwa kuwa Shenandoah, manowari ya majimbo ya kusini ya Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ikaizunguka dunia ikiteketeza meli za wavuvi wa nyangumi wa majimbo ya kaskazini. Ikasalimu amri Liverpool mnamo Novemba 1865. Kisha ikanunuliwa na Sayyid Majid, akaipa jina lake. Chombo kilichookoka vita na barafu ya ncha za dunia kilivunjwa mbavu katika bandari iliyosifiwa kwa utulivu wake.

Mjini, nyumba za mawe zilipoteza mapaa, na vibanda vya udongo na makuti vya Ng'ambo vililala chini. Hakuna aliyekuwa ameonywa, wala hapakuwa na njia ya kuonywa. Waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baadaye. Mwaka 1872 habari ilikwenda kwa mwendo wa chombo, na vyombo vilikuwa vimezama. Ifahamike pia kwamba upepo huo uliwakuta watu ambao hawakuwa wamemaliza tanga: ugonjwa wa kipindupindu wa mwaka 1869 na 1870 ulikuwa umeua maelfu katika kisiwa hicho hicho, na kaburi nyingi zilikuwa bado hazijaota majani.

Lugha ya pwani haikosi maneno ya upepo. Ipo kaskazi na ipo kusi. Upo umande utokao bara alfajiri, na matlai itokayo mawioni. Yapo maleleji, na kuna tanga mbili, wakati ambao chombo chaweza kupanda na kushuka. Ipo chamchela inayozungusha vumbi uwanjani, ipo dhoruba, ipo tufani, ambayo washairi waliipenda zaidi kuliko mabaharia. Na nyuma ya maneno hayo imo elimu kamili. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaoanza kwa Nairuzi na ambao Makunduchi bado wanaukoga kila Julai, uligawanywa katika miongo ya siku kumikumi. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini atupe mbegu, na nahodha alijua mwongo gani bahari inafungwa na mwongo gani inafunguliwa.

Elimu hiyo ilijengwa juu ya kitu kimoja, nacho ni kurudi. Inajua kila kinachokwenda na kuja tena: kusi, masika, bamvua, maji mafu, samaki wa msimu. Kimbunga hakimo ndani yake, kwa kuwa kimbunga hakirudi kwa mwaka. Ili upepo wa bahari ujikunje na kuwa gurudumu unahitaji maji ya moto, na unahitaji pia mzunguko wa dunia uusukume pembeni. Na karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Unguja iko kama digrii sita kusini ya mstari huo, ukingoni kabisa mwa eneo la vimbunga. Vingi vinavyozaliwa katika Bahari ya Hindi ya kusini huelekea Bukini, Morisi, Réunion na Msumbiji. Kimoja kimoja hupotea njia kikapanda kaskazini, na aghalabu hufanya hivyo mwezi wa Aprili au mwanzo wa Mei, wakati pepo mbili za mwaka zinapokabidhiana zamu. Lindi iliona chake Aprili 1952, miaka themanini baada ya Unguja. Miaka themanini ni umri wa mtu aliyejaliwa maisha marefu. Ni muda unaotosha kwa babu kufa na simulizi yake, na kwa mjukuu kujenga pale ambapo babu asingejenga.

Lakini nahodha na chombo chake walikuwa sehemu moja tu ya hasara. Hasara kubwa zaidi ilikuwa mashambani, na huko ndiko kisa hiki kinapoacha kuwa cha upepo na kuwa cha watu.

Mkarafuu si mti wa Unguja. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliulinda kwa bunduki. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuuhamishia Morisi mwaka 1770, na kutoka hapo ukafika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Ni katika Bourbon hiyo ndimo miche iliyoletwa Unguja ilikotoka, katika miaka ya 1810, kwa mkono wa Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Omani, na mashamba ya Mtoni na Kizimbani yakawa miongoni mwa ya mwanzo. Habari hiyo hutajwa katika kila kitabu cha historia. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba Bourbon ilikuwa imekwisha kufunzwa na upepo. Vimbunga na mafuriko ya mwaka 1806 na 1807 viliivuruga vibaya mibuni na mikarafuu ya kisiwa hicho, na wenye mashamba wakaanza kuugeukia muwa, ambao ukilazwa na upepo huinuka tena na kuvunwa. Yaani mti ambao kisiwa cha vimbunga kilikuwa kinauacha mkono kwa sababu ya vimbunga, kisiwa kisichojua vimbunga kiliupokea kwa mikono miwili, na mche ukaja bila ya onyo lake.

Na kwa nini kisingeupokea? Udongo wa magharibi ya Unguja uliufaa, na bei ilikuwa nzuri. Sayyid Said bin Sultan aliwaamuru wenye mashamba, kama inavyosimuliwa, kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii angenyang'anywa ardhi. Mikarafuu ikapandwa kwa safu kutoka Bububu hadi Kizimbani na kuendelea, na waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, maelfu kwa maelfu kila mwaka. Hata bei ilipoanguka kwa wingi wa karafuu sokoni, kazi haikugeuzwa. Mwenye shamba aliyekopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi alihitaji mazao ya kulipia deni, na mazao yenyewe yalikuwa mti uleule. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe katika Zanzibar, ameieleza vizuri namna uchumi huo ulivyojifunga mwenyewe kabla upepo haujaugusa.

Mkarafuu una matawi mepesi kukatika. Wachumaji wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na wapo waliolijua kwa kuvunjika kiuno. Ni mti mrefu wenye kichwa kizito cha majani ya mwaka mzima. Mbele ya upepo wa kimbunga haukuwa na la kufanya. Inakadiriwa kuwa thuluthi mbili au zaidi ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa siku ile. Na mnazi, si vyema msomaji akausahau. Watu wa karne hiyo waliishi ndani ya mnazi: makuti ya kuezekea, kumbi za kusokotea kamba, mafuta ya taa na ya kupikia, tui la chakula, mbata ya kuuza. Upepo ulioangusha nyumba uliangusha pia mti ambao nyumba ingejengwa upya kwao. Huko ndiko kuvunjwa mara mbili.

Mkarafuu uliopandwa upya hautoi chochote kwa miaka sita au saba, na haufikii kilele chake mpaka upite karibu miaka ishirini. Mnazi nao hauna haraka zaidi. Kwa hiyo mwenye shamba wa Unguja aliyesimama asubuhi ya Jumanne kuitazama miti yake iliyolala alikuwa akiutazama ujana wa watoto wake.

Kaskazini, mwendo wa kilomita hamsini hivi baharini, Pemba ilikuwa karibu salama. Kimbunga si kipana kama kinavyodhaniwa. Pembeni mwake mtu aweza kuhisi upepo mkali tu na mvua, ilhali jirani yake anachimba kaburi. Pemba ilikuwa na mikarafuu michache kuliko Unguja hadi siku ile. Upungufu wa karafuu uliotokana na kimbunga ulipandisha bei kwa kasi, na kila aliyekuwa na mti uliosimama alitajirika, na kila aliyeweza kupata kipande cha ardhi Pemba alikimbilia huko kupanda. Kabla ya karne kwisha Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu ya visiwa, na hadi leo ni hivyo. Watu huzungumza habari hii kama bahati ya Pemba. Ni bahati iliyokuwa na wachimbaji wa mashimo. Mikarafuu mipya ya Pemba ilipandwa na watumwa walionunuliwa kwa ajili hiyo hasa, katika miaka ambayo biashara hiyo ilikuwa inakaribia kupigwa marufuku na kwa hiyo ikifanywa kwa pupa na kwa siri. Frederick Cooper, aliyeandika mwaka 1977 juu ya utumwa wa mashamba katika pwani hii, amelifuatilia jambo hilo kwa undani. Hasara ya upepo ililipwa na watu ambao hawakuwa na mti hata mmoja.

Hayo yalijitokeza wazi mbele ya Sayyid Barghash mwanzoni mwa mwaka 1873, alipofikiwa na Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alijitetea kwa kimbunga. Watu wake, alisema, wamekwisha kuangamizwa na upepo. Wakinyimwa na mikono ya kupandia upya, wataangamizwa mara ya pili. Aliomba muda. Upo ukweli katika maneno yake na upo uovu ndani ya ukweli huo: kisiwa kilikuwa kimejengwa kwa namna ambayo njia pekee ya kuinuka baada ya msiba ilikuwa kuwatia wengine katika msiba mkubwa zaidi. Kwa upande wa pili, Waingereza nao waliijua hali yake. Mtawala asiye na meli na asiye na mazao hana la kujadiliana. Tarehe 5 Juni 1873, manowari za Uingereza zikiwa tishio, mkataba ulitiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Anayetaka kujua kwa nini Barghash aliusaini mwaka ule, na si baada ya miaka kumi, ahesabu pia merikebu zilizokuwa zimelala pwani.

Meli za vita alizopoteza hazikurudi. Ilirudi moja, Glasgow, iliyoundwa Scotland na kufika mwaka 1878, nzuri na ya gharama, ambayo haikufanya kazi kubwa. Tarehe 27 Agosti 1896 ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza, na milingoti yake ikabaki imechomoza bandarini kwa miaka mingi.

Upepo haukuishia kisiwani. Bagamoyo, ng'ambo ya mlango wa bahari, majengo ya mapadri wa Roho Mtakatifu yaliangushwa. Ndani zaidi, Henry Morton Stanley alikuwa njiani akirudi kutoka kwa Livingstone, na mwishoni mwa Aprili alifika Simbamwene, mji wenye ukuta uliokuwa karibu na Morogoro ya leo. Aliukuta umepigwa na mafuriko ya mto Ngerengere: sehemu ya ukuta imeondoka, nyumba zimeondoka, na vijiji vya bondeni vimefagiliwa na maji. Aliposhuka Bagamoyo na kuvukia Unguja mwanzoni mwa Mei alikuta ukurasa wa pili wa kitabu kilekile. Kisiwani balaa lilikuwa upepo. Bara lilikuwa maji.

Lipo swali ambalo huulizwa kwa nadra: mbona kisiwani hayakuwa maji? Habari za 1872 zimejaa meli, miti na mapaa. Bahari kuingia mjini haimo kwa kiasi ambacho mtu angetarajia, na kwa kawaida kimbunga huja kimebeba bahari mgongoni. Sehemu ya jibu yaweza kuwa katika ile tarehe ya Kiislamu. Siku za mwanzo za Safar, mwezi ukiwa umetimia robo, ni siku za maji mafu. Maji yanayojaa hayajai sana, na yanayokupwa hayakupwi sana. Unguja, tofauti ya kujaa na kupwa katika bamvua kubwa hufikia kama mita nne. Katika maji mafu ni kama mita moja tu. Kimbunga kilichokuja Jumatatu ile kingekuja wiki moja kabla, kwenye mwezi mwandamo, au wiki moja baadaye, kwenye mwezi mpevu, kingeikuta bahari imekwisha kujiinua yenyewe hadi mlangoni.

Na mlango wenyewe ulikuwa wazi. Mji Mkongwe wa wakati huo ulikuwa karibu kisiwa ndani ya kisiwa. Hori lililopita Darajani liliutenga na Ng'ambo, na wakati wa bamvua maji yalibakisha shingo nyembamba tu ya nchi kavu upande wa Mnazi Mmoja. Katika karne ya ishirini hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo, likawa barabara, soko na viwanja. Maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka humo kutoka Ng'ambo yalipoteza njia yake, na tangu hapo kila masika makubwa huitafuta, yakipita vyumbani mwa watu. Bahari nayo haijasahau: siku za bamvua kubwa maji ya chumvi huonekana yakichungulia katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Mitaro mikubwa iliyochimbwa mjini katika miaka ya karibuni, na ukuta wa Mizingani uliojengwa upya mbele ya forodha, kwa maana moja ni jitihada ya kulirudisha hori kwa zege. Ni kazi ya manufaa. Imegharimu fedha nyingi kufanya yale ambayo hori lilikuwa likiyafanya bure.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama Morisi tena, kwa kuwa ndiyo ndugu wa kisiwa hiki katika karafuu na kinyume chake katika upepo. Wamorisi hawapati nafasi ya kusahau. Tangu mwaka 1851 walikuwa na chama cha wachunguzi wa hali ya hewa, kilichoanzishwa na Charles Meldrum, aliyekusanya daftari za manahodha waliotia nanga Port Louis na kuchora kwazo njia za vimbunga. Hata hivyo elimu peke yake haikuwatosha: kimbunga cha tarehe 29 Aprili 1892 kiliivunja Port Louis na kuua watu wengi, na kile kilichoitwa Carol, Februari 1960, kiliangusha nyumba za mbao na mabati kwa makumi ya maelfu. Baada ya Carol kisiwa kile kilibadili nyumba zake. Serikali ilijenga mitaa ya nyumba za zege kwa watu wa kipato kidogo, na mwananchi wa kawaida akaona aibu na hatari kukaa chini ya bati. Tahadhari zao hutolewa kwa daraja, ya kwanza hadi ya nne, na mtoto wa shule anajua ya tatu maana yake nini. Hiyo nayo ni aina ya mwongo, hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya upepo usiokuwa na mwaka.

Unguja ilisahau, na kusahau kwake hakukuwa uzembe wa mtu. Karafuu ilipandwa tena kwa sababu ililipa. Bati lilichukua nafasi ya makuti kwa sababu halivuji wala halishiki moto upesi, na kwa kuwa hakuna aliyeliona likiruka. Makuti yakiangukiwa na upepo humwangukia mtu kama mkeka. Bati lisilofungwa vizuri huruka kama panga. Fundi wa zamani aliyezifunga pau za nyumba yake kwa kamba za kumbi alikuwa na desturi ambayo fundi wa misumari ameiacha, ya kulifunga paa kwenye nguzo na nguzo kwenye ardhi, na kwa bei ya vipande vya chuma vya kufungia paa ukutani desturi hiyo yaweza kurudi. Mikoko hukatwa kwa kuni, mkaa na boriti. Boriti hizo ndizo zilizopima upana wa vyumba vya Mji Mkongwe na vya miji ya Ghuba, lakini mkoko uliosimama ufukweni huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kijijini. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, na katika mabonde kadhaa ya mpunga ya kisiwa hicho, maji ya chumvi yamekwisha kuingia mashambani bila ya kimbunga chochote. Na Beit al-Ajaib, ambayo Barghash aliijenga mwaka 1883 kwenye ukingo uleule ambao merikebu zake zilitupwa, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, siku isiyokuwa na tufani.

Miaka ya karibuni vimbunga vimeanza kubisha tena katika maji ya karibu. Tarehe 24 Aprili 2019, Kenneth kilipita juu ya Ngazija na siku iliyofuata kikaingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Aprili 2021, Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, watu wakashikwa na hofu, kikafa nguvu kabla ya kufika. Jambo hilo lina madhara yake: tahadhari isiyotimia humfundisha mtu kuidharau inayofuata. Kisha tarehe 14 Desemba 2024, Chido kilikipiga kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kwa upepo uliopita kilomita 200 kwa saa. Maore nako kimbunga kikubwa cha mwisho kilikuwa Kamisy, mwaka 1984. Miaka arubaini, karibu kizazi kizima na nusu. Mitaa ya mabati iliyokuwa milimani ilifutika. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa kama arubaini. Onyo lilikuwa limetolewa mapema, na majengo ya kujihifadhia yalikuwa yamefunguliwa. Lakini wakazi wengi wa mitaa ile walikuwa watu wa visiwa vingine vya Komoro wasiokuwa na karatasi za ukaazi, na wapo ambao hawakwenda kujihifadhi kwa kuhofia kukamatwa. Chombo cha kupimia upepo kilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni watu kuamini kwamba mlango uliofunguliwa ulifunguliwa kwa ajili yao pia. Usiku uliofuata ulikuwa wa mwezi mpevu.

Miezi saba kabla ya hapo, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikuwa kimekuja kutoka mashariki kikiielekea pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikikitangaza siku kadhaa kabla. Redio zilikirudia kwa kila taarifa, na boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zilizuiwa kusafiri. Wavuvi wengi walivuta ngalawa zao juu, wakazifunga kwenye minazi. Jumamosi ya tarehe 4 Mei kilifika kisiwani Mafia, kikaangusha miti na kuezua nyumba, kisha kikadhoofika. Ulikuwa mwezi wa mfunguo mosi, siku zake za mwisho. Mwezi mwandamo ulikuwa umebakiza siku nne, na bamvua lilikuwa bado halijafika.